Sehemu ya Elimu Isirukwe

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya na wa kitongoji, ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Rubwera kutoka Bugene, Rugera, Kayanga na kwingineko, familia ya marehemu Mzee Anatory Rwezaura wa Bugene, pamoja na familia ya Mutabazi wa hapa Rubwera, zinawashukuru kwa kuja, na zinaomba mtuvumilie, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko mlivyozoea, na itakaa sana mahali ambapo historia nyingi hupita haraka. Marehemu Sperancia aliacha agizo. Jumamosi tarehe 3 Januari 2026, akiwa amelazwa, alimshika mkono kaka yake Nolasco, akamwambia, "Sehemu ya elimu usome wewe, kaka, na isirukwe." Nolasco ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, na maneno haya ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe, ingawa ameyaandika kama desturi inavyotaka, kana kwamba anayesoma ni mtu mwingine.

Marehemu Sperancia Anatory Rwezaura alizaliwa tarehe 8 Agosti 1997 huko Bugene, wilayani Karagwe, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Anatory Rwezaura, mkulima wa kahawa na ndizi aliyefariki mwaka 2019, na Mama Joviana, ambaye mnamwona pale amekaa, na ambaye tunaomba msimsemeshe sana leo. Nolasco ni mtoto wa kwanza, amemzidi marehemu miaka kumi na mitano, kwa hiyo alimbeba mgongoni kabla hajawa dada wa kugombana naye, akamfundisha kuhesabu kwa mikungu ya ndizi nyuma ya nyumba, na marehemu alipofika mkungu wa ishirini alikuwa anadai alipwe ndizi mbivu ndipo aendelee. Alibatizwa na kupata kipaimara hapohapo Bugene. Alikuwa mtoto mwenye maneno, asiyekubali kunyamazishwa, na mtu akichelewa chakula cha mchana alimwambia dakika alizochelewa, ingawa nyumbani hapakuwa na saa ya ukutani.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 2004 katika shule ya msingi ya jirani na nyumbani, akahitimu darasa la saba mwaka 2010, akafaulu, na Januari 2011 akaanza kidato cha kwanza katika shule ya sekondari ya kata, ambayo familia imeona isitajwe jina, kwa kuwa kosa linalofuata si la shule. Kaka yake Nolasco alikuwa akifundisha hapo Jiografia na Kiswahili, na mwaka 2012 akapewa wadhifa wa mwalimu wa taaluma, yaani mwenye kusimamia masomo, mitihani na kumbukumbu zake zote. Alikuwa na miaka thelathini, amepewa meza yenye droo inayofungwa kwa ufunguo, na hakuna mtu Bugene aliyetembea wima kumshinda.

Wengi wenu mnakumbuka mtihani wa kidato cha pili ulivyokuwa miaka ile. Tangu mwaka 2008 mwanafunzi aliufanya, akishindwa akaendelea kidato cha tatu kama kawaida, hata watoto wakauita mtihani wa mazoezi, na wazazi nao wakauzoea hivyo. Mwaka 2012 utaratibu wa zamani ulirudishwa, kwamba asiyefikia alama za kufaulu akariri darasa, na akishindwa tena aondoke. Waraka uliletwa shuleni mwezi Agosti, Nolasco akausoma ukurasa wa kwanza, akajiambia kwamba mambo ya mitihani hutangazwa leo na kuahirishwa kesho, na kwamba kwa vyovyote hili litaanza mwakani, akautia kwenye droo, akafunga. Ukurasa wa pili, wenye tarehe ya kuanza, hakuusoma. Ijumaa ya kabla ya mtihani wanafunzi walimuuliza darasani, naye akawajibu kwa sauti ya mtu anayejua kwamba mtihani ule haumzuii mtu.

Jumatatu tarehe 12 Novemba 2012, siku ya mtihani, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walishuka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, alfajiri kilima cha upande wa Rugera kikawa kimefunikwa, na watu wa Bugene walitoka na ndoo, mifuko na mashuka, kama mnavyojua watu wetu wanavyotoka siku hiyo, kwa sababu senene hawamsubiri mtu. Mama Joviana alikuwa na mguu uliovimba, asingeweza kupanda kilima, na nyumba inayopitwa na senene wa mwaka ni nyumba yenye huzuni. Sperancia alisimama mlangoni amevaa sare ya shule, ndoo mkononi, akauliza, "Kaka, niende shule au niende senene?" Nolasco alikuwa anakunywa chai, hakuinua kichwa, akasema, "Nenda tu. Mtihani huo haumzuii mtu."

Akaenda, siku ile na kesho yake, Jumatano akarudi shuleni kufanya masomo yaliyobaki. Wanafunzi kumi walioisikia kauli ya Ijumaa walifanya kama yeye, jumla kumi na mmoja. Senene wa Sperancia walikaangwa jioni ile na vitunguu na chumvi, na aliyepakuliwa sahani kubwa kuliko wote, kwa kuwa ndiye mwalimu wa nyumba, alikuwa Nolasco. Aliwala akawamaliza. Tangu mwezi Januari uliofuata hajawala tena, na mkewe kwa miaka yote hii amedhani ni tumbo.

Januari 2013 matokeo yalipotoka, wale kumi na mmoja hawakuwa na matokeo kamili, wakatakiwa kukariri, na mkuu wa shule wa wakati huo, ambaye ametangulia mbele ya haki, akamtaka mwalimu wa taaluma ajaze kwenye daftari la mahudhurio sababu ya kila mtoto kutokuwepo. Daftari lilikuwa na nafasi ya maneno matatu, yaani mgonjwa, ruhusa na utoro. Nolasco alifungua droo, akatoa waraka, akasoma ukurasa wa pili kwa mara ya kwanza, akaelewa kwamba akiandika ruhusa ataulizwa nani aliyeitoa. Akaandika utoro mara kumi na moja, na jina la saba kutoka juu lilikuwa la mdogo wake.

Watoto wale walichapwa viboko mbele ya wenzao, Sperancia akiwa mmoja wao, na Nolasco alikuwa amesimama mstari wa walimu. Mzee Rwezaura, mtu aliyejivunia kwamba nyumba yake imetoa mwalimu, aliposikia akasema, "Nyumba ya mwalimu imeotesha mtoro. Sare hiyo aivae mwingine." Sare akapewa binti wa shangazi yake. Sperancia alikuwa na miaka kumi na mitano, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake mtoto yule mwenye maneno hakujibu kitu. Angeweza kusema neno moja tu, kwamba kaka ndiye aliyemruhusu, na hakulisema, si siku ile, wala kwa baba yake hadi mzee anazikwa. Miaka mingi baadaye Nolasco alipomuuliza kwa nini, alijibu, akichambua maharage bila kumtazama, "Ningesema ungefukuzwa kazi, na wewe ndiye uliyekuwa unamtibu mama. Sasa hapo ningesema nini?"

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 1 Oktoba 2016 na Bwana Polikarpi Mutabazi, mkulima wa kahawa na maharage wa hapa Rubwera, wilayani Kyerwa, mtu mpole ambaye siku ya kuja kuposa aliambiwa na mzee wetu kwamba binti huyu aliacha shule kwa utoro, asije akasema alifichwa, naye akajibu kwamba yeye hakuja kutafuta mwanafunzi. Mama mkwe wake, Mama Mukashema, alimpokea kama binti wa tumbo lake, wakawa wakitaniana tangu asubuhi hadi jioni, kila mmoja akimwita mwenzake mvivu, na hakuna aliyekuwa mvivu kati yao. Mungu aliwajalia watoto wawili, Noela aliyezaliwa tarehe 22 Julai 2017, na Elick aliyezaliwa tarehe 5 Februari 2020.

Kuhusu kazi, marehemu alikuwa mkulima, na tangu mwaka 2017 alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea katika zahanati ya jirani, akizunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu, akiwahimiza wajawazito kwenda kliniki, akiwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu wamalize dawa, na kwa ule ugonjwa wake wa kuhesabu dakika hakuna mgonjwa wake aliyethubutu kuchelewesha kidonge. Muuguzi Vestina, msimamizi wa zahanati, ametuambia kwamba kwa miaka saba hakumbuki siku ambayo Sperancia alipangiwa zamu asifike. Mwaka 2024 wahudumu wa namna yake walipoanza kuchaguliwa upya, kupata mafunzo na kutambuliwa rasmi, sharti lilikuwa cheti cha kidato cha nne, na Sperancia hakuwa nacho. Vestina ndiye aliyelazimika kumwambia, na walilia wote wawili kwenye benchi la wagonjwa.

Lakini historia isiseme kwamba alikikumbuka cheti siku hiyo. Alikuwa anakitafuta tangu Elick akiwa bado ananyonya. Alidhani angejiandikisha moja kwa moja mtihani wa kidato cha nne, akaambiwa kwamba asiye na matokeo ya kidato cha pili huanzia mtihani wa maarifa, akaufanya mwaka 2021, akafaulu. Mwaka 2022 akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, bila alama za mazoezi ya shuleni ambazo mwanafunzi wa darasani huongezewa, akijisomea kwa karatasi za mitihani ya zamani ambazo Nolasco alimtumia kila Jumamosi kwa basi dogo la kutoka Kayanga, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Alipoingia kwenye chumba cha mtihani akakuta maswali yamepangwa kwa namna nyingine kabisa, muundo ulikuwa umebadilishwa, na karatasi za kaka yake zilikuwa za muundo uliopita. Aliambulia D moja ya Kiswahili. Alimpigia simu Nolasco akacheka, akasema, "Mwalimu wa taaluma, na huu nao hukusoma ukurasa wa pili?" Nolasco naye akacheka, kisha akatoka nje ya ofisi ya walimu akakaa nyuma ya choo cha shule mpaka kengele ya kipindi ikalia.

Mwaka huohuo ndipo Sperancia alipomuuliza pia, mara moja tu, kama lile neno utoro kwenye daftari alikwishalifuta. Nolasco akamjibu kwamba alilifuta zamani. Hakuwa amelifuta.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu baada ya kumzaa Elick, na mwezi Machi 2023 akagundulika kuwa na tatizo la figo, akawa anatibiwa na kupata nafuu na kurudi tena, mwaka 2023 na 2024 hakuweza kufanya mtihani, na mwaka 2025 akajiandikisha masomo saba, ingawa kila mtu, na Nolasco akiwa wa kwanza, alimwambia apumzike. Tarehe 10 Novemba 2025, wiki moja kabla ya mtihani, miguu ikiwa imevimba hata viatu haviingii, daktari alitaka alazwe. Marehemu alimwomba ruhusa mpaka mtihani uishe, akabembeleza, daktari akakubali kwa shingo upande, kwa masharti ya dawa na ya kupimwa kila baada ya siku tatu, na alipokubali Sperancia akamwambia, "Niandikie, daktari. Ruhusa ya mdomo iliwahi kuniponza." Nolasco alikuwepo chumbani. Daktari alidhani ni utani, akaandika huku anatabasamu, na karatasi ile tumeikuta ndani ya Biblia ya marehemu.

Aliyempeleka kwenye kituo cha mtihani na kumrudisha kila siku kwa bodaboda yake ni kijana wetu Gosbert, ambaye wengi mnamjua kwa kazi hiyo hapa mjini, ila hamjui kwamba naye ni mmoja wa wale kumi na mmoja, aliyechapwa siku ileile pamoja na Sperancia na hakurudi shule tena. Alikataa kupokea chochote, akasema, "Dada, ukifanya wewe tumefanya wote." Siku ya Jiografia, wiki ya pili ya mtihani, senene walishuka hapa Rubwera, watu wamejaa barabarani na ndoo, Mama Mukashema na Noela wakiwa huko mbele, wakamwona Sperancia amejifunga kitenge nyuma ya Gosbert, wakampungia, na Gosbert anasimulia kwamba mgongoni kwake alisikia marehemu anatetemeka, akadhani ni homa, akapunguza mwendo, kumbe alikuwa anacheka. Alimwambia, "Twende, usisimame, leo hata wakiingia mdomoni nitawatema." Siku hiyo aliandika kwa dakika arobaini tu, mkono ukagoma, akaomba akae humohumo mpaka muda uishe. Masomo yote saba alifika, na masomo yote saba alisaini karatasi ya mahudhurio.

Alilazwa tarehe 6 Desemba 2025, akapelekwa hospitali ya rufaa Bukoba, akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, Krismasi ikamkuta huko pamoja na mumewe. Nolasco amemuuliza daktari, si mara moja, kama zile wiki za mtihani ndizo zilizomuua, na daktari amesema kwamba figo zilikuwa zimekwisha siku nyingi, na Nolasco anaamini siku nyingine, na siku nyingine haamini. Tarehe 3 Januari, siku ya lile agizo, marehemu alimuuliza tena kuhusu neno lile, na safari hii Nolasco alishindwa kumdanganya mtu aliyefungwa mipira miwili ya mashine shingoni, akasema hapana, bado lipo. Sperancia akasema, "Nilijua. Wewe ukidanganya unajibu haraka." Kisha akasema, "Basi lifute mbele ya watu. Na usije ukaniandikia kwamba nilihitimu, kwa sababu matokeo hayajatoka. Andika nilichofanya." Aliaga dunia Jumanne tarehe 20 Januari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, miezi mitano na siku kumi na mbili. Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, mama mkwe na ndugu watatu.

Jana, Jumatano, Nolasco alikwenda kwenye shule ile, ambako hafundishi tena, akaomba daftari la mwaka 2012, likatafutwa stoo likapatikana, limeliwa kidogo na mchwa pembeni, majina hayakuguswa. Mkuu wa shule wa sasa, ambaye yupo hapa, alimwambia kwa heshima kwamba kumbukumbu ya zamani haifutwi, ila mwalimu aliyeijaza anaweza kuandika barua ya masahihisho, isainiwe, igongwe muhuri, ibanwe kwenye ukurasa huo ikae humo daima. Barua hiyo imeandikwa, imesainiwa na imegongwa muhuri, Nolasco ameshaelezwa kwamba inaweza kumfikisha kwenye kikao cha nidhamu, na yuko tayari. Nakala yake ni hii, na inasema kwamba wanafunzi kumi na mmoja walioandikwa watoro katika ukurasa ule hawakuwa watoro, kwamba kila mmoja alikuwa na ruhusa, na kwamba aliyewapa ruhusa ni mwalimu wa taaluma, Nolasco Anatory Rwezaura, ambaye aliogopa. Wale kumi waliobaki, mlipo hapa na mlipo kwingine, pamoja na wazazi wenu waliowapiga kwa ajili ya neno lile, Nolasco anawaomba radhi. Mama Joviana, mwanao hakuwa mtoro. Polikarpi, uliambiwa uongo siku ya posa, na aliyeutunga alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka mlangoni. Mzee wetu hasikii tena, na hilo halina barua ya kulisahihisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kyerwa na Bukoba waliompigania marehemu, Muuguzi Vestina na wahudumu wenzake wa zahanati, majirani wa hapa Rubwera waliolala nje na Polikarpi siku hizi tatu, wanajumuiya waliopika na kuchota maji, walimu wenzake Nolasco waliokuja wakijua au wasijue watakachosikia, na Gosbert, ambaye hata jana ndiye aliyemleta Nolasco na barua yake kutoka shuleni. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, msituchukulie vibaya.

Matokeo yatatoka siku yoyote. Noela, mwanangu, yakitoka tutayatafuta pamoja, na sijui yatasema nini, ila katika masomo saba ya mama yako hakuna hata moja litakaloandikwa kwamba hakuwepo.

Sperancia, kaka yako amesoma sehemu ya elimu, na hakuiruka. Nenda tu, mdogo wangu, upumzike kwa amani. Ruhusa unayo, na safari hii imeandikwa.